Dumu la Bibi

Mkojo wa Bibi ulipokutwa na ugonjwa, wa kwanza kunusa habari alikuwa mke wa mwanawe, ingawa kwa sheria za kituo yeye ndiye aliyepaswa kuwa wa mwisho. Alinusa kwa sababu Daktari aliingia ofisini mwake akafunga mlango, na Daktari yule hakuwa mtu wa kufunga milango. Hata ugomvi wa nyumbani kwake aliumalizia kwenye simu, katikati ya ukumbi, wafagizi wakisikiliza.

“Mama,” alisema, “mama mkwe wako anaweza kuja kesho?”

“Kuja wapi?”

“Hapa. Chumbani kwangu.”

“Ana nini?”

Daktari akaitazama feni. “Unajua siwezi kukwambia.”

Alijua, tena vizuri. Sheria ile aliiandika yeye mwenyewe, na aliipigania hadi sauti ikamkauka: majibu ni ya mwenye mkojo. Haambiwi mume, haambiwi mzazi, haambiwi profesa, wala meneja wa kituo. Siku ile walimpigia makofi. Leo sheria yake ilikuwa imekaa kwenye kiti mbele yake, imevaa koti jeupe, na haitaki kumtazama machoni.

“Basi atakuja,” alisema.

Kituo kilikuwa cha utafiti wa figo, na kilikuwa cha ushirika, maana yake kilikuwa na wenyewe wengi na hakuna aliyekubali kununua balbu. Hospitali kuu ilileta wagonjwa. Chuo kikuu kilileta mashine na vijana wa kuziendesha. Wafadhili walileta fedha na maswali. Yeye, meneja wao, hakuleta kitu; kazi yake ilikuwa kuhakikisha waliokuja hawaondoki. Funguo za friji kubwa la sampuli alikaa nazo yeye, ndiyo maana akigeuka tu walimwita Mama Friji. Profesa wa Hospitali na Profesa wa Chuo walisoma darasa moja na hawajasameheana mpaka leo. Mmoja akiomba rafu ya juu kwenye friji, mwenzake naye anaona baridi yote iko juu. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawakusema ni mwanamke gani atakayelifagia hilo zizi.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa kulinganisha mkojo wa wagonjwa na mkojo wa watu wazima wa afya. Wagonjwa, kwa bahati mbaya, walikuwa tele. Waliokosekana ni wazima. Mtu mwenye afya yake umwambie akojoe kwenye dumu kuanzia asubuhi mpaka asubuhi ya pili, asimwage hata tone, aliweke kwenye barafu, halafu alipitishe barabarani kulileta kwako? Watakuuliza kama wewe mwenyewe uko sawasawa. Wafadhili wakaandika kwamba bila watu wa kulinganishia hawaoni sababu ya kuendelea, na kwenye kikao maprofesa wakaanza kutupiana lawama. Meneja akasimama kuwanyamazisha. “Kila mfanyakazi alete watu wake, waliovuka miaka arobaini,” alisema. “Nitaanza na nyumba yangu.”

Mumewe, fundi seremala mwenye karakana mbele ya nyumba, alicheka hadi akaweka randa chini. “Miaka yote hii nakuchongea makabati hukunisifu,” alisema. “Leo nikikukojolea dumu ndipo nimekuwa mume wa maana.”

Bibi hakucheka. Alilitazama dumu lake, jipya, jeupe, lenye kizibo chekundu, kisha akamtazama mke wa mwanawe.

“Nani atalibeba?”

“Mimi, Mama. Nitalipeleka mwenyewe kazini.”

“Wewe?”

“Mimi mwenyewe. Usiwe na wasiwasi.”

Bibi akajifunika vizuri nguo yake ya mabegani, akasema sawa. Na siku iliyopangwa dumu lilikuwa tayari, limejaa, limekazwa kizibo, limeviringishwa gazeti, na juu ya gazeti mfuko mweusi uliofungwa mafundo mawili. Meneja alisifu nidhamu ile kazini. Eti laiti wagonjwa wote wangekuwa kama mama mkwe wake.

Kesho yake, baada ya Daktari kufunga ule mlango, Bibi aliingia kwake, na meneja akabaki nje, kwenye benchi la wagonjwa, katika kituo anachokiendesha. Kila aliyepita alimwamkia kisha akapunguza mwendo. “Mama, kuna tatizo?” Alijibu hakuna. Mfagizi alimuuliza kama apige deki baadaye. Aliona joto la aibu linampanda shingoni, akajiambia kwamba hivi ndivyo wanavyoketi watu wengine kila siku, na kwamba lile benchi kumbe halina hata pa kuegemea.

Bibi alitoka ametulia. Si kutulia kwa mtu aliyejikaza. Alitulia kama ametoka kununua mboga.

“Amesemaje, Mama?”

“Si mlisema majibu ni yangu?”

“Ni yako, Mama. Samahani.”

Walitembea mpaka kituo cha basi. Pale Bibi akamhurumia. “Anasema figo zangu zinavuja. Zinapitisha vitu ambavyo si vya kupita. Anataka damu yangu, na mkojo mwingine.”

“Lini?”

“Nimemwambia goti linaniuma.”

“Goti na damu wapi na wapi, Mama?”

“Wewe goti limewahi kukuuma?” alisema Bibi, na basi likafika.

*

Nyumba ikaingia kwenye chakula kisicho na chumvi. Meneja aliifungia chumvi kabatini kama alivyofungia sampuli. Fundi alikula siku mbili kwa moyo wa kumpenda mama yake, siku ya tatu moyo ukamchoka.

“Maharage haya yana huzuni,” alisema.

“Kula, Baba Msumari. Ni kwa ajili ya mama.”

“Mama mwenyewe mbona anakula kama aliyeshinda bahati nasibu?”

Kweli, Bibi alikuwa anakula. Asiyekula alikuwa Msumari. Msumari alikuwa binti yao wa pekee, baba yake ndiye aliyembandika jina hilo kwa sababu alizaliwa mwembamba na mnyoofu na ukimgusa anachoma. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anasomea ushonaji, na wakati ule chuo kilikuwa kimefungwa. Alisukuma sahani kando, akamtazama Bibi yake. Bibi akatazama ukuta.

“Bibi anaumwa kweli?” aliuliza.

“Usimwulize mtu hivyo mezani,” alisema mama yake. “Na wewe hiyo simu unayochezea usiku kucha itakutoa macho. Jitazame, uso umevimba kama unga uliotiwa hamira.”

“Sichezei simu.”

“Basi unamlilia Bibi. Usilie. Tutamtibu.”

Msumari akanyanyuka kwenda kuosha vyombo. Alikuwa amevaa ndala za baba yake, maana viatu vyake vilikuwa vinambana. Mama yake aliziona zile ndala. Aliziona akawaza kwamba sakafu itachafuka.

Bibi alipiga chenga wiki nzima na nyingine ikaanza. Leo goti, kesho mvua, keshokutwa kuna mgeni anakuja, na mgeni hakuja. Meneja alidhani ni woga. Alimweleza kwa upole, akamchorea figo kwenye karatasi, akamwambia ni vichujio viwili tu, ukubwa wa ngumi. Bibi alisikiliza kwa heshima, akasema mchoro mzuri, akaufanya kifuniko cha kikombe. Mwishowe ni Fundi aliyekwenda kupiga magoti mbele ya mama yake na vumbi la mbao kichwani. “Mama, ukitaka nitakubeba mgongoni. Lakini damu utatoa.” Mwanao akipiga magoti, goti lako linapona. Bibi alikwenda, akatoa damu. Mkojo alikataa katakata, hata wa kikombe.

Majibu ya damu Bibi aliyatangaza mwenyewe sebuleni, amesimama. “Daktari anasema hajaona figo za kikongwe kama hizi. Anasema zingefaa kuonyeshwa shuleni. Haya, toa chumvi.”

Walipiga vigelegele. Fundi alikwenda mwenyewe kulifungua kabati. Na mke wake akacheka pamoja nao, machozi yakamtoka, mpaka asubuhi alipofika kazini na kukuta Daktari anamsubiri mlangoni.

“Bibi ameniruhusu tuzungumze,” alisema Daktari, na akafunga mlango tena. “Damu yake safi, presha safi, hana uvimbe popote. Ule mkojo, Mama, hauwezi kuwa wa mwili huu. Kuna mahali umechanganywa.”

“Hapa?”

“Wewe unafikiri wapi?”

Meneja akakaa. Kama dumu moja lilibadilishana na jingine hapa kituoni, nani atasema ni moja tu? Sampuli zote zilizomo frijini zingekuwa za mashaka, na kazi ya watu wote wale ingekwenda na maji. Wafadhili wangefunga mikoba. Hayo ndiyo yaliyompitia kichwani, na alikuwa ameanza kuyapanga vizuri Daktari aliposema jambo ambalo yeye hakuwa amelifikia.

“Na kuna jingine. Mkojo ule una mwenyewe. Kuna mtu anatembea huko nje na figo zinazoharibika, anajiona mzima. Kila siku tunayochelewa ni yake.”

*

Kwenye kikao cha dharura maprofesa walikubaliana kwa mara ya kwanza tangu darasani. Walikubaliana kwamba kosa ni la binti wa maabara.

Binti huyo walimwita Jicho, kwa sababu ndiye aliyepokea kila dumu mlangoni na kulibandika namba. Profesa wa Chuo alitaka asimame kazi mpaka uchunguzi uishe. Profesa wa Hospitali alisema hilo hasa ndilo alilotaka kusema yeye. Wakamgeukia meneja, kwani kusimamisha watu ni kazi ya meneja, na utafiti ni kazi yao.

“Uliyaleta mwenyewe, Mama,” alisema Jicho. Alikuwa amesimama, mikono nyuma. “Madumu mawili. Nilibandika namba mbele yako, ukatia sahihi, tukacheka kuhusu ule mfuko mweusi.”

“Nakumbuka. Lakini mtu anaweza kuchoka.”

“Mimi nilichoka lini, Mama?”

Meneja alimwambia apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Jicho akavua koti, akalikunja pande nne akaliweka juu ya meza, akachukua kikombe chake cha chai kilichokuwa dirishani. Kile kikombe ndicho kilichomuuma meneja. Mtu anayetarajia kurudi haondoki na kikombe.

Jumamosi mchana alimkuta Bibi jikoni anachambua maharage. Akaketi kwenye kigoda naye akavuta sinia, wakachambua pamoja. Hakuwa amekusudia kusema mambo ya kazini, ila yalimjaa.

“Nimemsimamisha mtoto wa watu, Mama. Yule wa maabara.”

“Kwa nini?”

“Alichanganya dumu lako na la mtu mwingine. Labda watamfukuza kabisa.”

Mkono wa Bibi ukasimama juu ya sinia. “Ana watu wanaomtegemea?”

“Ana mama yake, na wadogo zake wanasoma.”

Bibi alichukua punje moja iliyotobolewa na mdudu, akaitazama, akaiweka kando. Akachukua nyingine. Halafu akasema, taratibu, bila kuinua uso:

“Mrudishe.”

“Siyo rahisi hivyo, Mama.”

“Mrudishe, nakwambia. Hakuchanganya kitu. Ule mkojo haukuwa wangu tangu hapa nyumbani.”

Meneja akadhani hakusikia sawasawa. “Haukuwa wako vipi?”

“Ningekupaje wewe?” Sauti ya Bibi ikatetemeka, ikawa kali ili isitetemeke. “Wewe mke wa mwanangu! Ubebe mkojo wangu barabarani, upishane na majirani, ukaukague huko na maprofesa wako, halafu jioni uje unipakulie chakula? Nikutazame vipi? Nilitaka kukataa, nikaona mwanangu atasema namkwamisha mkewe. Nikasema haya, hakuna kitakachoharibika. Mkojo ni mkojo.”

“Ni wa nani, Mama?”

“Nilimwambia mke mwenzangu anijazie. Mjukuu ni wa utani, naye hana haya na mimi. Nikampa hela ya vocha, akashinda nyumbani siku nzima, akajaza. Na lile dumu lilikuwa na povu, nikamwambia hilo ni povu la sabuni, halikusuuzwa vizuri.” Sasa alikuwa analia, machozi yanadondokea kwenye maharage. “Mlipokuja na habari za figo kuvuja nilicheka moyoni. Nikasema mashine imeshtuka, imeona mkojo wa kigoli kwa jina la kikongwe, imechanganyikiwa. Mtoto wa miaka kumi na tisa! Nani angedhani ni kweli?”

Mke wa mwanawe alikuwa ameugeukia mlango wa nyuma. Uani, Msumari alikuwa anaanika nguo. Alitundika shati la baba yake, akainama, akaikuna enka yake juu ya ndala, akainuka polepole akishika kiuno. Na mara moja zile asubuhi zote zikarudi, moja baada ya nyingine: kope zilizovimba, viatu vilivyobana, sahani iliyosukumwa kando. Aliyekuwa anasimamia figo za watu wote alikuwa ameketi meza moja na mwanawe, akamwambia ni simu.

“Msumari!”

“Abee, Mama.”

“Njoo hapa. Kaa.”

Binti akaja, akamwona Bibi analia, akaelewa kwamba mambo yameharibika. “Ilikuwa utani tu, Mama. Bibi aliona aibu. Usimgombeze.”

“Simgombezi mtu. Nipe mguu.”

Akauweka mguu wa mwanawe juu ya paja lake. Akabonyeza dole gumba kwenye muundi, pale juu ya enka, akashikilia kidogo kama alivyoona madaktari wakifanya mara nyingi kwa watoto wa watu wengine. Alipotoa dole, shimo likabaki. Wote watatu walilitazama lile shimo. Halikuwa na haraka ya kujaa.

“Inauma?”

“Haiumi. Nilidhani ni cherehani, kule kukaa sana.”

“Na mkojo bado una povu?”

Msumari akatikisa kichwa kukubali. “Kila siku. Hata bila dumu.”

*

Jumatatu asubuhi alikuwa tena kwenye lile benchi lisilo na mahali pa kuegemea. Safari hii walikuwa wote wanne. Daktari alifungua mlango akamtazama Msumari peke yake.

“Wewe ni mtu mzima. Majibu ni yako. Unaweza kuingia peke yako, au na umtakaye.”

Mama yake alikuwa ameshanyanyuka. Ameshika mkoba, ameshaweka mguu mbele.

“Naomba niingie na Bibi,” alisema Msumari.

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama mtu anayechagua wa kukaa naye. Bibi akaweka sawa nguo yake ya mabegani, akashika mkono wa mjukuu, wakaingia, mlango ukafungwa. Meneja akabaki amesimama na mkoba wake. Ilimuuma. Alitaka kusema mimi ndiye mama, na mimi ndiye niliyeandika sheria hiyo, na hakukuwa na wa kumwambia isipokuwa mfagizi.

“Kaa,” alisema Fundi. “Benchi baya hili. Nitawatengenezea jingine.”

Akakaa. Mumewe alikuwa na vumbi la mbao kwenye suruali, hakupata muda wa kubadilisha. Akalipangusa goti lake, akapangusa tena palipokwisha kuwa safi.

“Mlitaka watu wa miaka arobaini na kuendelea,” alisema. “Si ndiyo?”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo huyu asingepimwa.”

“Asingepimwa.”

“Basi kama mama yangu angekuwa mkweli, sisi leo tungekuwa nyumbani tunakula vizuri, na mtoto anaharibika ndani kwa ndani.”

Mkewe akageuka kumtazama. Hakuwa amelipanga jambo hilo hivyo, kwa kuwa mawazo yake yote yalikuwa kwenye hasira na kujilaumu, na hayakuwa yamepata nafasi ya kupumua.

“Usimwambie,” Fundi aliongeza. “Atataka tumshukuru mpaka siku ya kiama.”

Alicheka, naye akacheka, kisha wakashikana mikono na kulia hapohapo ukumbini, meneja wa kituo na fundi seremala, wafanyakazi wakipita huku wanajifanya wanasoma matangazo ukutani.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya Bibi, ya juu, isiyojali sheria ya mtu. “Si umesema zangu nzima? Basi mpeni moja! Mimi ninazo mbili za nini, nakwenda nazo wapi?” Na sauti ya Daktari, chini zaidi: “Bibi, hatujafika huko. Mungu akijalia hatufiki.” Kisha mlango ukafunguliwa. “Ingieni,” alisema Daktari. “Mwenye mkojo amewaruhusu.”

Daktari hakusema Msumari atapona. Alisema wamewahi. Angechomwa sindano ya kuchukua kipande kidogo cha figo waone ni ugonjwa wa aina gani, angeanza dawa, na dawa zenyewe zingemnenepesha mashavu na kumharibia usingizi. Msumari aliuliza kama ataweza kurudi chuo. Aliambiwa ndiyo. Aliuliza kama viatu vyake vitamtosha tena, na Daktari akasema hilo ndilo la kwanza atakaloliona. Hapo tu ndipo alipolia, na mama yake akamkumbatia, akamwomba radhi mdomo ukiwa kwenye nywele zake, akazitaja asubuhi zote.

“Nilijua hukuona,” alisema Msumari. “Ndiyo maana sikutaka uwepo nikiambiwa. Ungejilaumu, na mimi ningeanza kukubembeleza wewe.”

*

Kwenye kikao meneja alisimama akasema kosa lilitoka nyumbani kwake. Alilisema kwa sentensi moja, akaisikia inavyoanguka mezani. Profesa wa Chuo alisafisha miwani. Profesa wa Hospitali alisema mambo haya hutokea, kwa sauti ya mtu ambaye kwake hayajatokea. Halafu akauliza ule mkojo wa binti uhamishiwe kundi gani, na mwenzake akasema suala la kundi ni la Chuo, na wakaanza.

“Hauhamii popote mpaka mwenyewe aulizwe,” alisema meneja. “Na yeyote atakayemsimamisha mfanyakazi wangu tena atakuja kumwambia yeye mwenyewe, usoni.”

Kwa Jicho alikwenda kwa miguu yake, akasimama kizingitini kama mgeni aliyechelewa. Alimweleza yote, hata la vocha. Akasema nimekukosea, nisamehe. Jicho alisikiliza akiwa ameegemea mlango. “Koti langu mmeshamgawia nani?” aliuliza mwishowe.

“Liko pale pale ulipoliweka.”

“Basi kesho. Lakini kikombe changu, Mama, utakibeba wewe.” Akakibeba, njia nzima, mkononi.

Kundi la wazima likabaki na pengo la mtu mmoja. Meneja hakulizungumza nyumbani. Alikuwa ameamua mambo ya madumu yameishia pale, na Bibi hakuyagusa. Uvimbe wa Msumari ulianza kushuka. Asubuhi moja alivaa viatu vyake akazunguka navyo nyumba nzima bila kwenda popote. Fundi aligonga misumari kwenye benchi jipya, lenye mgongo.

Siku wafadhili walipokuja kukagua, ukumbi ulijaa watu waliopiga pasi. Maprofesa walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa friji, wakieleza. Kelele za getini zikasikika, mlinzi akisema, “Bibi, ngoja kwanza, Bibi,” na Bibi hakungoja. Aliingia akitembea katikati ya ukumbi kwa goti lake lililopona, na mkononi alikuwa na dumu jeupe lenye kizibo chekundu, limejaa. Halikuwa na gazeti. Halikuwa na mfuko. Kwenye basi alilipakata hivyo hivyo, na mtu alipomuuliza ni juisi gani alimwambia.

Alifika mbele ya mke wa mwanawe, akasimama.

“Lilikuwa frijini, kama mnavyotaka, pembeni ya maziwa,” alisema. “Mwanangu leo kayakataa maziwa, kanywa chai kavu.” Akalinyanyua dumu kwa mikono yote miwili. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu, lakini hakuuinamisha. “Shika, mwanangu.”

Hakuwa amewahi kumwita hivyo, tangu aolewe.

Meneja akalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa zito na la baridi. Kijana mmoja wa Chuo alinyoosha mkono amsaidie, hakumpa. Alilibeba mwenyewe, polepole, akipita mbele ya wafadhili na mbele ya maprofesa, na maprofesa wale wawili walirudi nyuma hatua moja kumpisha. Mlangoni mwa maabara Jicho alikuwa anasubiri na namba yake ya kubandika. Alilitazama dumu, akamtazama meneja, kisha akauliza kwa sauti ya kazi, kama anavyomuuliza kila mtu:

“Mwenye mkojo ni nani?”

“Mimi hapa,” alisema Bibi, na ukumbi mzima ukasikia.